CHUNYA: MJI ULIOZALIWA NA DHAHABU, UKALELEWA NA JEMBE

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kupokea ujumbe kama huu nilioupokea mimi mwezi wa Agosti: "Mjomba, tumeugusa mwamba. Zimebaki futi chache tu. Nitumie laki nane za matimba na mafuta ya mashine. Ukichelewa, mwingine atashika nafasi yangu."

Aliyeuandika ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama, ambaye alihamia Chunya miaka kumi iliyopita. Laki nane kwa mtu wa mshahara si fedha ya kuchomoa mfukoni. Kweli, nilikuwa nayo katika chama chetu cha kuweka na kukopa kazini, lakini tulikwisha kuitenga kwa ajili ya mabati ya nyumba tunayoijenga kidogo kidogo. Kwa upande mwingine, mjomba ndiye aliyenilipia karo nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao baba aliugua. Deni la namna hiyo haliandikwi popote, lakini wote wawili tunalijua.

Mke wangu aliusoma ujumbe ule mara mbili, akanirudishia simu, akasema, "Kabla hujatuma, nenda ukaone." Nikaomba likizo, nikafunga safari. Haya ninayokusimulia ni yale niliyoyaona na niliyojifunza katika mji huo mdogo ulio chini ya milima ya Mbeya, mji ambao kila mfanyakazi mwenye ndugu machimboni anapaswa kuufahamu.

KUPANDA NA KUSHUKA

Kutoka Mbeya mjini hadi Chunya ni mwendo wa kilomita zipatazo 70. Waliopita njia hiyo zamani watakueleza jinsi malori yalivyokwama katika tope wakati wa mvua, abiria wakashuka na kusukuma. Barabara ya lami ilifunguliwa rasmi mwaka 2019, na sasa basi dogo hukufikisha ukiwa bado na nguvu za kutembea.

Mara uiachapo Mbeya, gari huanza kuupanda mlima. Safu hii ina kilele kinachozidi mita 2,800 kutoka usawa wa bahari, na hata mwezi wa Agosti utahitaji sweta. Kulia na kushoto ni mashamba ya viazi na pareto yaliyoning'inia katika miteremko, halafu unaingia katika msitu wa kupandwa wa Kawetire, mipaini imesimama safu kwa safu kama askari wa gwaride. Kupita hapo, upande wa mashariki, nchi inakatika ghafla na kuporomoka hadi katika tambarare ya Usangu, chini kabisa, yenye rangi ya vumbi na ukungu. Wazungu wa zamani walipaita mahali hapo Mwisho wa Dunia. Ukiwa na watoto, waombe abiria wenzako radhi, mwambie dereva asimame dakika tano. Watakikumbuka kituo hicho kuliko vingine vyote.

Baada ya hapo gari linateremka. Baridi inakwisha, viazi vinakwisha, na miombo inaanza: miti mifupi yenye maganda magumu, udongo mwekundu, mizinga ya nyuki imening'inizwa juu ya matawi. Ukija mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla ya mvua, utaikuta miti hiyo ikichipua majani mekundu kama shaba, ingawa ardhi bado ni kavu kabisa. Nchi yote inainama kuelekea Ziwa Rukwa, na mito yake, ukiwamo Lupa, inafuata mwelekeo huo huo. Mto huo mdogo ndio uliouzaa mji tunaokwenda kuutazama.

MBIO ZA DHAHABU

Dhahabu ya Lupa ni ya kale kuliko mtu anavyoweza kufikiri. Wanajiolojia hukadiria kwamba miamba yake ina umri wa karibu miaka bilioni mbili. Maji ya moto yaliyokuwa yakipita katika nyufa za miamba hiyo yaliacha mawe meupe magumu yaitwayo kwatsi, na ndani ya mawe hayo zikabaki chembe za dhahabu. Mvua za miaka isiyohesabika zikayasaga mawe hayo na kuzichukua chembe hadi mitoni. Ndiyo maana dhahabu ya kwanza kuonekana ilikuwa ile ya mchanga, ambayo mtu mwenye karai, koleo na maji aliweza kuipata bila mashine.

Iligunduliwa mwaka 1922, wakati Tanganyika ilikuwa imewekwa chini ya udhamini wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanzoni wachimbaji walikuwa wachache. Kilichowaleta kwa wingi ni shida ya dunia nzima. Kuanzia mwaka 1929 uchumi wa dunia ulianguka, bei ya mkonge na kahawa ikaporomoka, na walowezi waliofilisika pamoja na watu wasio na kazi wakaanza kutafuta mahali pa kujaribu bahati. Mwaka 1931 Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu, na mwaka 1934 Marekani ikapandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia moja, ambayo ni kama gramu 31. Bei ilipopanda, mchanga wa Lupa ambao jana ulikuwa hauna faida, leo ukawa na faida.

Hivyo ndivyo Chunya ilivyoinuka. Mji wa Mbeya nao, ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1920, ulipata nguvu zake za kwanza kwa kuwa mlango wa machimbo hayo. Ilipofika mwaka 1932, ndege za Shirika la Imperial zilizokuwa zikisafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini zilikuwa zikitua Mbeya, ilhali reli ya TAZARA haikufika huko hadi miaka ya 1970. Mgeni aweza kucheka kusikia kwamba katika nchi ile ndege ilitangulia garimoshi kwa zaidi ya miaka 40. Lakini dhahabu ni bidhaa ndogo yenye thamani kubwa, haihitaji behewa.

Wazungu ndio walioshika vitambulisho vya madai, na Waafrika ndio walioshika sururu. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na fedha hazikuota mgombani. Maelfu ya vijana wa Rungwe, Usafwa, Ubena na kwingineko walikwenda Lupa kwa miguu. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu wa mila na jamii walioishi Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika juu ya safari hizo za vijana kwenda kutafuta fedha za kodi na nguo.

NANI ALIYETAJIRIKA?

Katika barabara kuu ya Chunya bado yapo majengo ya zamani yenye baraza pana mbele, ya mtindo wa maduka ya miaka ile. Nilimkuta mzee mmoja ameketi katika baraza mojawapo, akishona mkanda wa kiatu. Nilimwamkia, akanikaribisha kibao. Nilipomwambia kwamba nimekuja kumtazama mjomba aliye kwenye duara, akatabasamu, akaniuliza, "Amekuomba kiasi gani?"

Akanisimulia habari za jamaa zake wawili. Baba yake alitoka Tukuyu kwa miguu akiwa kijana, akachimba kwa bwana mmoja wa Kizungu miezi tisa, akarudi kwao na blanketi, shuka mbili na risiti ya kodi. Babu yake mzaa mama hakuwahi kushika sururu maisha yake yote. Yeye alileta mchele kutoka Kyela, akauza kwa wachimbaji, akarudi kuchukua mwingine. "Baba alirudi na blanketi," alisema mzee, "babu alirudi na ng'ombe. Na dhahabu yenyewe, mjukuu wangu, ilikwenda Ulaya."

Maneno ya mzee yanaafikiana na yale yaliyoandikwa na wanahistoria. Machimbo ya Lupa yalikuwa soko kubwa la chakula, na wakulima wa Kyela walikuwa miongoni mwa walionufaika, kwa kuwa mchimbaji hana muda wa kulima lakini lazima ale kila siku, akipata dhahabu au asipopata. Kila mji wa machimbo duniani una hadithi ya namna hii. Anayetafuta mali chini ya ardhi anacheza na bahati. Anayemlisha anafanya biashara.

Dhahabu ya mchanga haikudumu. Ile rahisi ilipokwisha kuokotwa, ikabaki ile iliyo ndani ya mwamba, ambayo inadai mashine, baruti na mtaji. Wachimbaji wadogo wa Kizungu wakatawanyika, na Vita Kuu ya Pili ikawamaliza waliosalia. Kampuni ndizo zilizoweza kuendelea. Mgodi mkubwa wa eneo hilo ulikuwa Saza, uliofanya kazi tangu mwaka 1939 hadi 1956, na wakati wake ulikuwa wa pili kwa uzalishaji katika Tanganyika baada ya Geita. Geita nayo ikafungwa mwaka 1966. Bei ya dhahabu ilikuwa imesimama palepale kwenye dola 35 ilhali gharama za kuichimba zilipanda kila mwaka.

Fikiri, ndugu msomaji, hali ya mji wakati mgodi wake unapofungwa. Mshahara hukatika siku moja, duka hufunga mlango, fundi hufungasha vyombo vyake. Mji mwingine ungekufa kabisa. Chunya haikufa, kwa sababu baada ya uhuru watu wake walishika jembe, na zao lililoshika nafasi kubwa lilikuwa tumbaku.

NDANI YA DUARA

Mjomba alinipokea kwa furaha kubwa. "Shikamoo mjomba," nikamwamkia. "Marahaba, mjomba wangu! Umekuja mwenyewe!" Alikuwa amekonda, mikono imejaa sugu, lakini macho yake yaling'aa kama ya kijana. Kesho yake alfajiri tukaenda machimboni kwa pikipiki.

Dhahabu imerudi Chunya kwa nguvu. Mwaka 1971 Marekani iliacha kuifunga dola yake na dhahabu, bei ikaanza kupanda na kushuka kama bidhaa nyingine, na mwaka 2020 ikavuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Wachimbaji wadogo wamejaa vijijini, na mwaka 2012 mgodi wa kisasa wa New Luika ulianza kutoa dhahabu katika eneo hilo la kale la Lupa. Mwaka 2019 serikali ilifungua soko la madini mjini Chunya, ambako mchimbaji huuza dhahabu yake ikiwa imepimwa mbele ya macho yake, bei ikiwa imetangazwa, na mrabaha ukikatwa hapohapo. Kabla ya hapo wengi waliuza usiku kwa mtu mwenye mzani wake mwenyewe.

Duara la mjomba ni shimo la mraba lisilozidi hatua mbili kwa upana, lililozungushiwa magogo. Magogo hayo ndiyo matimba, nayo huzuia kuta zisianguke. Mtu hushuka kwa kamba na ngazi za miti. Hewa hupelekwa chini kwa mpira unaosukumwa na mashine. Maji huvutwa kwa pampu. Nilichungulia. Mwanga wa taa ya mtu aliyekuwa chini ulionekana kama nyota. Nilimwuliza mjomba kina chake. "Futi mia na arobaini," alijibu, kama mtu anayetaja darasa alilofikia mtoto wake.

Mawe yakitoka, hujazwa katika mifuko na kugawanywa: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji. Kabla ya mgawo huo huondolewa gharama za mafuta, baruti na chakula. Mjomba na wenzake watatu ndio wenye duara, na fungu lao ni kubwa iwapo mwamba una mali. Usipokuwa na mali, gharama zote ni zao. Wachimbaji wa chini hawana mshahara. Wanakula na kungoja.

Mifuko hupelekwa kwenye karasha, mawe yakasagwa kuwa unga, na unga ukaoshwa juu ya mbao zilizotandikwa zulia au gunia. Hapo ndipo zebaki inapoingia. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu na kufanya donge la rangi ya fedha. Donge huchomwa, zebaki ikaruka kama mvuke, dhahabu ikabaki. Nilimwona kijana akichoma donge lake juu ya jiko la mkaa, hatua chache kutoka mahali mama mmoja alipokuwa akipika ugali, mtoto mgongoni.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupungua. Zebaki ikifika mtoni na ziwani hugeuka kuwa ya namna inayokaa ndani ya samaki, na mama mjamzito akiwala samaki hao sana, mtoto aliye tumboni huumia kabla hajazaliwa. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana katika Mkataba wa Minamata kupunguza matumizi yake, nao ulipewa jina la mji wa Japani ambako maelfu ya watu walidhurika kwa samaki wenye zebaki. Kipo chombo cha chuma kilichofungwa pande zote, chenye bomba linalopozwa kwa maji, ambacho huunasa mvuke ule na kuirudisha zebaki katika chupa. Kwa hiyo anayekitumia huokoa afya yake na pia fedha yake. Kama ndugu yako anachoma dhahabu, jambo la kwanza la kumwuliza si amepata gramu ngapi, bali anachomea wapi.

DAFTARI LA MKE WA MJOMBA

Jioni tulirudi nyumbani. Nyumba ya mjomba iko pembeni mwa mji, mahali ambapo barabara inageuka kuwa njia ya mashamba. Ukutani kulikuwa kumeegemezwa majembe matatu, na nyuma ya nyumba palikuwa na bani, yaani kibanda kirefu cha tofali cha kukaushia tumbaku.

Mke wa mjomba si mtu wa maneno mengi. Baada ya chakula, mjomba alipokwenda kuangalia mashine, alileta daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Kurasa za kushoto ameandika habari za duara, za kulia habari za shamba, mwaka kwa mwaka. "Wewe ni mtu wa kalamu," alisema, "soma."

Nilisoma kwa mwanga wa taa ya sola. Kushoto palikuwa na maduara manne katika miaka saba. La kwanza liliwapa fedha, na ndilo lililojenga chumba cha pili. La pili lilijaa maji. La tatu lilianguka usiku, hakukuwa na mtu ndani, Mungu alisaidia. La nne ndilo hili la futi mia na arobaini. Kulia palikuwa na tumbaku, mahindi, karanga na ufuta, na hapakuwa na mwaka hata mmoja uliokosa kitu. Lakini usidhani kurasa za kulia zilikuwa za raha tupu. Miaka miwili iliandikwa hasara, mmoja mvua ilikatika, mwingine tumbaku ilishushwa daraja.

Tumbaku ni zao lenye taabu. Mkulima husia mbegu ndogo kama vumbi katika kitalu, humwagilia asubuhi na jioni, huhamishia miche shambani mvua zinapoanza, hupalilia, huvunja kikonyo cha maua, halafu huvuna jani kwa jani kuanzia chini. Majani hufungwa katika fito na kupandishwa ndani ya bani, na moto huchochewa siku kadhaa, usiku na mchana, kwa joto la kupimwa. Ukizidisha moto yanaungua, ukipunguza yanaoza. Mbolea na dawa hukopwa kupitia chama cha msingi, na deni hukatwa siku ya malipo. Aidha, bani hula kuni nyingi, na matimba ya maduara nayo hukatwa msitu huo huo. Miombo niliyoisifu hapo juu inaliwa kutoka pande mbili. Mkulima anatakiwa kupanda miti kila msimu. Mke wa mjomba amepanda, na alinionyesha miche yake kwa fahari kuliko alivyonionyesha tumbaku.

Siku hizi anapunguza tumbaku na kuongeza ufuta. Ufuta hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, huvumilia ukame, hauhitaji bani wala kuni. "Ningeongeza ekari mbili," aliniambia, "lakini fedha ya trekta ilishuka shimoni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilimwuliza kwa nini hamkatazi mjomba. Akafikiri kidogo. "Chumba hiki ulicholala kimetoka kwenye duara," alijibu. "Siwezi kusema ni uongo. Lakini watoto wamesoma kwa kurasa za kulia."

NILIYOYAAMUA

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nimekwenda Chunya nikitafuta jibu la ndiyo au hapana: mwamba upo au haupo. Nikatambua kwamba hakuna aliyekuwa na jibu hilo, wala mjomba, wala mwenye leseni. Hata wale mabwana wa miaka ya 1930 hawakuwa nalo. Bei ya dhahabu huamuliwa mbali, na dhahabu yenyewe imejificha ndani ya jiwe. Lakini hesabu za daftari lile zilikuwa wazi.

Asubuhi nilimwambia mjomba ukweli, mbele ya mkewe, kwa adabu zote. Nilimwambia kwamba sitatoa fedha za duara. Nitatoa laki nne, nusu ya alichoomba, za kulimia ekari mbili za ufuta, na zitakuwa mkononi mwa mkewe. Na nyingine elfu hamsini za kununulia chombo cha kunasia zebaki ambacho yeye na wenzake watachangia. Nikamkumbusha karo ya kidato cha tatu, nikamwambia sijaisahau.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mjomba, mimi nilikupa karo bila kuuliza kama utafaulu." Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma ninapoandika. Sikuwa na la kujibu, isipokuwa kwamba shule haianguki usiku. Lakini sikulitamka. Aliniaga kwa mkono mmoja, na kwa wiki sita hakunipigia simu.

Mwezi wa Novemba alipiga. Mtu mwingine aliingia na mtaji, nao walilifikia jiwe. Lilikuwa na mali, si nyingi. Fungu la mjomba lililipa deni la mafuta na kumnunulia baiskeli mtoto wa mwisho, na futi nyingine zinachimbwa. Sauti yake ilikuwa ya uchangamfu, na sikusikia kinyongo ndani yake. Halafu akampa mkewe simu. "Ufuta umeota," alisema mama yule, "njoo na watoto wakati wa kuvuna." Wala sitakudanganya, ndugu msomaji, kwamba nilithibitika kuwa na hekima kuliko mjomba. Duara lilitoa kitu, na shamba nalo linaweza kukosa mvua. Lakini nikiulizwa tena, nitafanya vilevile.

NAWE UKITAKA KWENDA

Nenda Chunya wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Panda basi dogo la asubuhi kutoka Mbeya ili uione milima kabla ya ukungu wa mchana. Tembea barabara kuu ukitazama baraza za kale, pita karibu na soko la madini, nunua asali ya miombo, na umwombe mzee yeyote akusimulie habari za Lupa. Usikaribie duara bila mwenyeji, wala usiwaache watoto wazurure machimboni, kwani mashimo yaliyoachwa hayana uzio.

Na kama unaye ndugu huko anayekuandikia kwamba zimebaki futi chache tu, usimcheke wala usimtumie fedha kwa haraka. Nenda ukae naye siku mbili, ule chakula cha mkewe. Kisha uombe kuliona daftari. Kama halipo, basi msaada wa kwanza utakaompa usiwe wa laki nane. Mnunulie daftari na kalamu, mwandike pamoja ukurasa wa kwanza.